Moshi wa kompyuta hautufai

Injini ya mwisho kati ya zile 34 za daraja la 59, zilizonunuliwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950, ilikuwa na nambari 5934. Ubavuni ilibeba bamba lenye jina ambalo mtoto yeyote wa Nakuru analijua: Menengai Crater. Nyingine zilipewa majina ya milima ya kanda hii hii, zikiwemo Longonot, Eburu, Suswa, Londiani na Tinderet. Zote ziliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester, Uingereza. Kila moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa tani 250 hivi, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu.

Zimesalia mbili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, na zote ziko katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Menengai Crater haipo tena. Mkazi wa Nakuru anayetaka kuiona injini iliyoitwa kwa jina la kreta iliyo juu ya jiji lake hana pa kwenda ila kwenye picha.

Hapo ndipo hoja ya makala haya inapoanzia. Kitu kikishatoweka, picha yake hubaki kuwa shahidi pekee, na shahidi haongezewi maneno mdomoni. Leo kijana mwenye simu anaweza kuchukua picha ya injini ya mvuke, akaigusa mara moja, ikapata rangi ya kahawia ya kizamani, mikwaruzo ya filamu, anga la machweo na wingu la moshi linalofuka kutoka kwenye injini ambayo haijawashwa moto kwa miaka mingi. Picha husambazwa, hupendwa, na baada ya wiki mbili hakuna anayejua ilipigwa wapi, lini, wala ni injini gani.

Kuhariri si kosa. Hakuna mpiga picha aliyewahi kuacha kuhariri, tangu zama za sahani za kioo hadi leo. Swali ni mkono wa mhariri unaishia wapi, na katika nchi ambayo imeyeyusha karibu magarimoshi yake yote, swali hilo lina uzito kuliko huko ambako injini za mvuke bado zinapumua kila Jumamosi.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, mwaka mmoja baada ya kufika Nairobi na mwaka mmoja kabla ya kugusa ziwa huko Kisumu, Desemba 1901. Mji ulikua ukiizunguka stesheni. Miaka ya 1920 njia mpya ilipochepuka hapa ili kupanda Timboroa kuelekea Eldoret na Uganda, Nakuru ikawa njia panda ya reli: treni za Kisumu upande mmoja, za Kampala upande mwingine, ngano na mahindi ya Bonde la Ufa yakipakiwa katikati. Familia nyingi za jiji hili zina babu aliyekuwa fundi, fayamani, kaimu stesheni masta au mlinzi wa njia. Katika nyumba hizo, ndani ya sanduku la bati au kati ya kurasa za Biblia au Kurani, mna picha.

Picha za reli hii zina historia yake pia. Mzungu mmoja aitwaye William Young, aliyekuwa na studio Mombasa na baadaye Nairobi, aliipigia picha Reli ya Uganda tangu enzi za ujenzi. Wapiga picha wa wakati huo walibeba kamera nzito za miguu mitatu na sahani za kioo hadi kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako mabehewa yaliteremshwa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali kabla ya njia ya kudumu kukamilika. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kuijenga reli hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Wengi wa waliopona walipita mbele ya kamera bila jina lao kuandikwa popote.

Mtu anayetaka kuiga mtindo wa picha hizo kwenye kompyuta anapaswa kujua sahani zile ziliona nini. Zilikuwa nyepesi kwa rangi ya samawati na karibu pofu kwa rangi nyekundu. Anga lilitoka jeupe tupu, na udongo mwekundu wa nyanda za juu ukatoka mweusi kuliko ulivyo. Kwa hiyo anayeigeuza picha ya leo kuwa nyeusi na nyeupe ya mwaka 1900 hushusha nyekundu na kupandisha samawati. Akibonyeza tu kitufe cha "zamani", programu humpa mawingu mazito na anga la kijivu ambalo kamera ya Young isingeweza kulinasa. Maarifa haya si ya wataalamu peke yao. Fundi wa picha wa kawaida pale mjini anaweza kujifunza kwa mchana mmoja, na kazi yake ikapata heshima zaidi.

Rangi ya kahawia nayo ina sababu yake. Katika chumba cha giza, mafundi waliigeuza fedha iliyomo kwenye karatasi ikawa salfaidi ya fedha, ambayo hustahimili hewa kwa miaka mingi zaidi. Ilikuwa njia ya kuihifadhi picha, na uzuri wake ukaja pamoja na kazi. Leo rangi hiyo humwagwa juu ya picha yoyote yenye gurudumu la chuma. Matokeo yake ni kwamba picha iliyopigwa 1965 huonekana kama ya 1905. Kwa nchi nyingine pengo hilo huenda lisiwe na maana kubwa. Kwa Kenya, 1905 ni mwaka ambao Waingereza wanagawa ardhi za bonde hili kwa walowezi, na 1965 ni mwaka ambao bendera ya Uhuru inapepea. Kuifanya picha ya pili ifanane na ya kwanza ni kuwafuta watu walioiendesha reli katika nchi yao wenyewe.

Sehemu ya lawama inaziendea sinema. Tangu Out of Africa ilipotoka mwaka 1985, ulimwengu umezoea kuliona garimoshi la Kenya likikata mbuga katika mwanga wa dhahabu, likiwa na msafiri wa Kizungu na huzuni yake. Vijana wengi wanaohariri picha leo wanaiga mwanga huo bila kujua wameutoa wapi. Ni mwanga mzuri, lakini haukuwa mwanga wa karakana ya Nakuru, ambako wanaume waliovaa ovaroli zilizolowa mafuta walilala chali chini ya injini saa nane mchana.

Rangi halisi ni habari nyingine. Injini za shirika la Afrika Mashariki katika miaka ya 1950 na 1960 zilipakwa rangi ya damu ya mzee, nzito na yenye kung'aa, na ndiyo iliyozitambulisha kutoka Mombasa hadi Kampala. Katika filamu ya nyeusi na nyeupe rangi hiyo hutoka kijivu cheusi. Sasa mtu akiipa programu ya akili unde picha hiyo ili aitie rangi, programu haina njia ya kujua rangi iliyokuwapo. Hukisia kwa kufuata picha ilizolishwa, ambazo nyingi ni za Ulaya na Marekani. Injini ya Afrika Mashariki inaweza kurudi ikiwa nyeusi kama ya Marekani au ya kijani kama ya Uingereza. Mhariri mwenye bidii hufanya kinyume: huenda makumbusho, huitazama Mount Gelai kwa macho yake, hupiga picha ya rangi iliyobaki pale ambapo jua halijaifikia, na kuitumia kama kipimo. Kazi hiyo huchukua muda, lakini matokeo yake yana thamani.

Kuna maelezo madogo ambayo jicho lisilozoea hudhani ni uchafu wa kufutwa. Injini za daraja la 60, za aina ya Garratt kama zile za daraja la 59 lakini nyepesi zaidi, zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Mojawapo, Sir Harold MacMichael, imehifadhiwa Nairobi. Baada ya Uhuru mabamba ya majina hayo yaliondolewa. Kwa hiyo picha ya injini hiyo ikiwa na bamba ni ya wakati mmoja, na ikiwa na matundu matupu ya skrubu ni ya wakati mwingine. Tena, shirika lilizifunga injini zake nyingi bomba la moshi la mtindo uliobuniwa na mhandisi wa Austria, Giesl-Gieslingen: bomba bapa na refu badala ya lile la duara, ili moto upate hewa vizuri na mafuta yapungue. Mtafiti akiliona bomba bapa anajua mara moja kwamba picha si ya siku injini ilipotoka kiwandani. Programu inayojifanya kurekebisha picha iliyofifia hulikuta bomba hilo, huliona kama kosa, na kuliviringisha. Mwaka wa picha umeibwa hapo hapo, na hakuna aliyegundua.

Na huo moshi!

Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Wingu jeupe ambalo watu hulipenda ni matone ya maji yanayotokea mvuke unapokutana na hewa baridi. Ndiyo sababu treni iliyokuwa ikipanda Timboroa alfajiri, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ilivaa wingu zito, na treni hiyo hiyo ikiwa bandarini Mombasa adhuhuri haikuwa na wingu la kuzungumzia. Moshi mweusi una chanzo kingine. Injini kubwa za Kenya wakati huo zilichoma mafuta mazito, na mafuta yasipoungua sawasawa hutoa masizi. Mara kwa mara fayamani alitupa mchanga ndani ya tanuri ili uyakwangue masizi kwenye mabomba, na kwa dakika chache garimoshi lilitapika weusi mtupu. Kwa mhandisi, moshi mweusi wa mfululizo ulikuwa aibu, dalili ya mafuta yanayopotea. Anayeubandika kwa kompyuta juu ya injini iliyotulia kituoni anamsingizia fayamani uzembe ambao hakuufanya.

Watetezi wa uhariri usio na mipaka wana hoja nzuri, na jina lake ni O. Winston Link. Mmarekani huyo, kati ya 1955 na 1960, aliyapiga picha magarimoshi ya mwisho ya kampuni ya Norfolk and Western usiku, kwa taa za mmweko nyingi zilizounganishwa kwa waya na kulipuka kwa mpigo mmoja. Picha yake mashuhuri ya 1956, iliyopigwa Iaeger, West Virginia, inaonyesha watu wakitazama sinema wakiwa ndani ya magari, ndege ya kivita ikiwa kwenye skrini, na garimoshi likipita nyuma. Ndege hiyo haikutoka katika mbofyo ule ule wa kamera. Mwanga wa taa uliifuta skrini, na Link akaiongeza ndege baadaye kutoka kwenye negativu nyingine. Je, alidanganya?

Jibu la mwandishi huyu ni hapana, na sababu ni nyepesi. Garimoshi lilikuwapo, likiwa na moto wake na wingu lake. Watu walikuwapo. Sinema ilikuwa ikionyeshwa kweli usiku ule. Link alirudisha kitu ambacho taa zake mwenyewe zilikiondoa, negativu zake zikahifadhiwa, na mbinu yake inajulikana hadi leo. Linganisha na picha za mitandaoni za garimoshi lililotungwa na mashine, lenye magurudumu yasiyolingana na reli, likipita mbele ya flamingo wa Ziwa Nakuru mahali ambapo reli haijawahi kupita. Hapo hakuna kilichorudishwa.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa karibu zaidi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli. Dunia inamkumbuka kwa picha za njaa ya Ethiopia ya 1984, lakini mwaka 1986 yeye, Duncan Willetts na mwandishi Alastair Matheson walitoa kitabu cha Railway Across the Equator kuhusu njia hii hii inayopita Nakuru. Alikufa Novemba 1996 wakati ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka karibu na Komoro. Kilichomtofautisha katika kazi zake ni kwamba mtu alibaki ndani ya picha. Chuma kilikuwa kikubwa, lakini aliyekishika alionekana.

Hilo ndilo somo ambalo wahariri wengi wa leo wanalikosa, nalo halihusu rangi wala moshi. Wanapokata kingo za picha ili "kusafisha" mandhari, wanaokatwa kwanza ni watu: mpagazi mwenye gunia, mama anayeuza mayai ya kuchemsha dirishani, fundi anayepita na kopo la grisi. Enzi za ukoloni kazi za reli ziligawanywa kwa rangi ya ngozi, na Mwafrika aliyefaa kuendesha alibakizwa akichochea moto. Kumfuta tena leo kwa kidole kwenye simu, eti anaharibu utulivu wa picha, ni kumnyima nafasi mara ya pili.

Basi mpiga picha wa Nakuru afanye nini? Aende. Makumbusho ya Reli ni safari ya saa chache kutoka hapa. Injini ziko nje, na katika nchi iliyokaa juu ya ikweta jua la saa sita hupiga utosini. Magurudumu na vyuma vya kuyazungusha huzama kivulini, huku sehemu ya juu ikimeta hadi kupoteza umbo. Asubuhi mapema au jioni mwanga hupita ubavuni na kila ribiti hujitokeza. Apige faili ghafi, apime mwanga kwa sehemu nyeupe zaidi, kisha avifungue vivuli taratibu akiwa nyumbani. Nyeusi na nyeupe humfaa anayetaka kuonyesha umbo na uzito. Rangi humfaa anayetaka kuonyesha damu ya mzee na shaba. Hata samawati ya michoro ya kihandisi ina mahali pake, kwa sababu kwa miongo mingi viwanda vilinakili michoro ya mashine kwa karatasi za rangi hiyo. Mitindo yote hii inakubalika iwapo faili ghafi linabaki bila kuguswa na maelezo yanasema nini kimebadilishwa.

Anayetaka garimoshi linalotembea bado ana pa kwenda barani. Eritrea ilizifufua injini zake ndogo za mvuke baada ya uhuru, na njia ya milima kati ya Asmara na Massawa imewavuta wapiga picha wa dunia nzima. Kenya nayo iliwahi kuziwasha tena injini chache za makumbusho kwa safari maalum mwanzoni mwa miaka ya 2000. Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu ilianza kupita tena Nakuru, ikivutwa na dizeli. Ikiwezekana kuikarabati njia hiyo kwa ajili ya abiria, inawezekana pia siku moja kuipitisha injini ya mvuke juu yake, na Shirika la Reli la Kenya likishirikiana na Kaunti ya Nakuru lingepata watalii ambao leo wanakuja kuona flamingo na kuondoka jioni ile ile.

Wakati huo ukisubiriwa, kazi kubwa iko majumbani. Magazeti, hili likiwemo, yaache kuchapisha picha ya reli bila mahali, mwaka na jina la aliyeipiga, na pale ambapo picha imetiwa rangi au imeongezwa kitu, msomaji aambiwe hapo hapo chini yake. Maktaba na shule za Nakuru zinaweza kutenga siku ya kuzipokea, kuzinakili na kuzirudisha kwa wenyewe picha za familia za reli; mashine ya skana ya bei ya kawaida inatosha, mradi iwekwe kwenye nukta 600 kwa inchi na nakala ya kwanza isihaririwe kamwe. Picha zisipakwe plastiki ya moto, wala zisibandikwe kwa gundi. Negativu zisitupwe hata kama hakuna anayejua kuzisoma.

Na kama bado yuko nyumbani mzee aliyefanya kazi relini, aulizwe wiki hii. Waliokuwa na umri wa miaka ishirini injini hizi zilipokuwa zikistaafishwa sasa wamepita sitini, na waliozipokea zikiwa mpya ni wachache sana. Jina la kila anayetambuliwa liandikwe nyuma ya picha, kwa penseli laini, pamoja na nambari ya injini na jina la stesheni.